Nilimwita binti yangu mvivu, kumbe ni ugonjwa

Ukitoka stesheni ya Kigoma kwa miguu kuja kwetu Mwanga, unapanda. Binti yangu alikuwa akinitangulia kwenye kile kilima, na akifika juu anageuka na kunicheka: "Mama, umezeeka!" Alikuwa na miaka minane, darasa la pili.

Kiangazi cha mwaka ule akaanza kubaki nyuma. Mara ya kwanza hatua tano, mara ya pili kumi. Siku moja akakaa kabisa chini ya mwembe, akaniambia, "Mama, tupande bajaji."

Nilikuwa na mzigo kichwani na jua lilikuwa kali. Nikamjibu maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nainamisha kichwa: "Umeanza uvivu sasa. Hela ya bajaji unadhani inaokotwa?" Hakunijibu. Akashika shina la mwembe, akajivuta akasimama, akanifuata.

Nilipaswa kuitazama ile mikono iliyoshika shina. Mtoto wa miaka minane hahitaji mti ili asimame.

Naandika haya kwa mzazi mwenzangu ambaye labda ana mtoto mwenye upele usiosikia dawa, na mtoto huyo huyo siku hizi analalamika kuchoka. Mimi nilikuwa na mambo hayo mawili ndani ya nyumba moja kwa karibu miezi minne, na sikuyaunganisha.

Ilianza kwenye kope

Kabla ya habari ya kilima, ngozi ilikuwa imeshaanza kusema. Likizo ya mwezi wa sita tulimpeleka Ujiji kwa bibi yake, mama mkwe wangu, na huko alishinda juani na wenzake ufukweni. Aliporudi nikaona kope zake za juu zimebadilika rangi. Hazikuwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi upele huu hauonekani kama zile picha za watoto wa Kizungu. Zilikuwa na weusi wa zambarau iliyoiva, kama mtu aliyepakwa wanja ukachuruzika, na asubuhi zilikuwa zimevimba kidogo. Mashavu nayo yakashika weusi, yakawa yanamwasha.

Baada ya hapo ikaja zamu ya vidole. Juu ya kila kifundo cha kidole palitokea baka dogo lililoinuka, gumu, linalong'aa. Mengine yalikuwa meusi, mengine yamepauka na kuchubuka. Nafasi ya katikati, kati ya kifundo na kifundo, ilibaki safi. Viwiko na magoti vikafuata. Mimi nikasema ni kwa sababu ya kupiga magoti kwenye mchanga.

Duka la dawa nilipewa dawa ya kupaka ya mapunye. Haikusaidia. Mara ya pili nikapewa tyubu nyingine, ya mchanganyiko. Baada ya siku chache ngozi ikalainika nikashangilia, lakini nilipoacha kupaka upele ukarudi vilevile. Baadaye nilikuja kuelezwa kwamba tyubu nyingi za namna hiyo huwa na steroidi ndani yake. Zinaufifisha upele kwa muda, na ugonjwa wenyewe unaendelea na safari yake.

Jirani akasema ni aleji ya dagaa. Nikamwachisha dagaa, na wanaojua Kigoma wanajua kumnyima mtoto wa huku dagaa ni adhabu gani. Alivumilia wiki tatu. Hakuna kilichobadilika.

Nusu ya mtoto huku, nusu kule

Uchovu nao ulikuwa na njia yake. Nilimtuma aanike nguo, akaziweka kwenye kamba ya chini ya kaka yake mdogo, na zilizobaki akaziacha kwenye beseni. Nikamgombeza. Akaanza kuomba avalishwe shati. Kwenye hiace alikuwa anasubiri nimshike kiuno nimpandishe, kwa sababu ile ngazi ya mlangoni ilikuwa imemshinda. Mwalimu wake akaniita na kusema, "Mama, mtoto wako siku hizi hanyooshi mkono darasani. Majibu anayajua, nikimuuliza anajibu, ila mkono hanyooshi."

Mimi na mwalimu tukakubaliana kwamba mtoto amepoteza hamu ya shule. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mkono wenyewe ulikuwa hauinuki.

Nilimpeleka kupimwa malaria, hana. Akapewa dawa za minyoo. Akapewa dawa za kuongeza damu. Kote huko nilieleza uchovu tu, sikutaja upele, kwa sababu upele nilikuwa nautibu kwenye duka la dawa. Na kwenye duka la dawa sikutaja uchovu. Kila mahali nilipeleka nusu ya mtoto. Silaumu sana walionihudumia: aliyeletewa nusu hawezi kuona mzima. Ila natamani hata mmoja angemvua shati akamtazama viwiko.

Maneno ya watu nayo yakaanza. Wapo waliosema mtoto amechezewa. Shemeji yangu alikuwa tayari na mganga wa kutupeleka. Shuleni wenzake wakakataa kukaa naye dawati moja wakiogopa kuambukizwa. Nyumbani, na hili naliungama, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatenga kikombe chake.

Bibi aliona kwenye swala

Aliyetufungua macho hakuwa daktari. Ilikuwa Jumamosi, tupo Ujiji. Tuliswali Magharibi nyuma ya baba yake, mimi, mama mkwe na binti yangu kwenye mkeka mmoja. Tulipotoa salamu, mama mkwe hakuinuka. Akanishika mkono, akasema taratibu, "Mwanangu, huyu mtoto umewahi kumtazama akitoka kwenye sijida?"

Akamwita mjukuu wake. "Njoo mama, hebu sujudu tena, kisha simama, bibi akuone."

Binti yangu akasujudu. Wakati wa kusimama akaweka viganja viwili kwenye mkeka, akainua kiuno kwanza, akavuta mkono mmoja hadi kwenye goti, halafu wa pili, kisha mikono ikapanda mapajani, kidogo kidogo, mpaka akanyooka. Alikuwa anahema.

"Unaona?" mama mkwe akaniambia. "Anajipanda mwenyewe, kama mkwezi wa mchikichi. Mvivu hataki kuamka. Huyu anataka, mwili ndio unamkatalia."

Nilikaa pale mkekani nikishindwa kusema. Wakati wa chakula, mtoto alipiga funda la chai, chai ikamtokea puani. Haikuwa mara ya kwanza, nilidhani anakunywa kwa pupa. Mama mkwe akasukuma sahani pembeni. "Habari ya mganga iishe leo. Asubuhi hospitali."

Daktari aliyemkalisha sakafuni

Daktari aliyetupokea alikuwa kijana. Aliniomba nieleze tangu siku ya kwanza bila kuruka kitu, upele na uchovu pamoja. Nilipofika kwenye chai ya puani akaacha kuandika.

Akamkalisha binti yangu sakafuni, akamwambia akunje mikono kifuani kisha asimame. Hakuweza. Akamwambia ainue mikono juu kama anayeshangilia goli. Iliinuka hadi usawa wa mabega, ikashuka. Akamlaza kitandani na kumwomba anyanyue kichwa bila kusaidiwa. Kichwa hakikutoka kwenye mto. Kisha akamulika kucha zake kwa tochi na kunionyesha, pale kucha inapoanzia, vimishipa vya damu vilivyovimba kama vijinyuzi.

Akasema, "Mama, sina uhakika mpaka vipimo, lakini ngozi na misuli hapa vinasema jambo moja."

Damu ilipimwa kimeng'enya kinachoitwa kreatini kinase, ambacho huvuja kutoka kwenye misuli iliyoumia na kuingia kwenye damu. Kilikuwa kimepanda mno. Akanitahadharisha pia juu ya kitu kinachowapoteza wengi: vile vimeng'enya ambavyo tumezoea kuambiwa ni vya ini hutoka pia kwenye misuli. Mtoto anaweza kutibiwa ini lisilo na tatizo wakati misuli ndiyo inayoumia.

Tukapewa rufaa. Tuliondoka na basi la alfajiri kwenda Mwanza, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, nikiwa nimempakata mtoto wa miaka minane kama mchanga. Kila basi liliposimama kwa watu kuchimba dawa nilimbeba mgongoni kwa kanga. Wanawake walitutazama, mmoja akauliza, "Huyu mkubwa hivi naye anabebwa?" Sikuwa na nguvu ya kueleza.

Ni ugonjwa gani huu

Unaitwa dematomayosaitisi ya watoto. Jina ni refu, lakini maana yake ni uvimbe wa ndani unaoshambulia ngozi na misuli kwa pamoja. Uko kwenye kundi moja na lupasi, magonjwa ya tishu unganishi, ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia mwili wenyewe. Daktari wa Mwanza alinieleza kwa mfano niliouelewa: ni kama sungusungu waliowekwa kulinda mtaa, usiku mmoja wakaanza kuwapiga wenye nyumba. Wanaoumia kwanza ni mishipa midogo ya damu inayolisha ngozi na misuli, hasa misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili: mapaja, nyonga, mabega na shingo. Ndiyo maana mtoto anaweza kushika kalamu na kuandika vizuri, lakini hawezi kupanda ngazi wala kunyoosha mkono.

Ni ugonjwa adimu. Katika nchi zilizohesabu, kama Marekani na Uingereza, hupatikana watoto kati ya wawili na wanne kwa kila watoto milioni moja kwa mwaka. Wasichana hupata zaidi ya wavulana, na mara nyingi huanza mtoto akiwa na umri wa kama miaka saba. Hata kwetu upo. Mwaka 2020 madaktari wa Muhimbili walichapisha taarifa ya watoto waliotibiwa hapo kwa magonjwa ya kundi hili. Walikuwa wachache, hawakufika mia, na wenye dematomayosaitisi walikuwamo. Wanapokuwa wachache hivyo haimaanishi wengine hawapo. Mimi nimekaa na mmoja miezi minne bila kujua.

Hauambukizi. Hautokani na dagaa, wala uchafu, wala mtu mbaya. Chanzo chake kamili hakijulikani, ila inaaminika mtoto huzaliwa na uwezekano fulani, kisha kitu kama maambukizi au jua kali kinauamsha. Na kama umesoma kwenye simu kwamba ugonjwa huu huendana na saratani, hiyo ni habari ya watu wazima. Kwa watoto uhusiano huo si wa kawaida. Mimi nililia usiku kucha wodini kwa sababu ya kusoma nusu.

Dawa, na kosa langu la pili

Kabla steroidi hazijaanza kutumika, inaelezwa kwamba theluthi moja ya watoto wenye ugonjwa huu walikufa, theluthi moja wakabaki walemavu, na theluthi iliyobaki ndiyo iliyopona. Leo wengi sana wanaishi na wanasimama. Tofauti ni dawa, na kuzianza mapema.

Binti yangu alipimwa kifua kikuu kwanza, kwa sababu dawa hizi hushusha kinga. Kisha akawekewa steroidi kwa dripu kwa siku tatu, halafu vidonge vya prednisoloni kila asubuhi. Pamoja nayo akaanzishiwa methotreksati. Niliuliza kwa nini dawa mbili kali kwa mtoto mdogo. Jibu lipo kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet, uliohusisha watoto 139 kutoka nchi 22: walioanza prednisoloni pamoja na dawa ya pili, methotreksati au siklosporini, waliendelea vizuri kuliko waliopewa prednisoloni peke yake.

Mzazi, kama mtoto wako atapewa methotreksati kwa ugonjwa huu, shika hili kuliko yote: inatolewa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Ikitolewa kila siku kwa makosa inaweza kuua. Sisi tulichagua Ijumaa, na nimeizungushia kalamu kila Ijumaa kwenye kalenda ya ukutani. Anapewa pia vidonge vya foliki asidi kwa utaratibu wa daktari ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomo, na damu yake hupimwa mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu.

Wiki ya pili alimeza chai bila kutokwa puani. Mwezi wa pili alivaa shati mwenyewe. Lakini uso ukaanza kujaa, mashavu yakawa duara kama mwezi, tumbo likatoka, na njaa haikumwisha. Mwanga nzima ilikuwa na la kusema. "Wanamjaza maji." "Hizo dawa zitamuua figo." Shuleni wakampa jina la utani, na yeye akaanza kulia asubuhi hataki kwenda.

Siku moja, bila kumwambia baba yake, nikaacha kumpa prednisoloni. Nikajiambia ameshapona, nampumzisha.

Siku ya nne alitapika, akalegea kama kitambaa kilicholowa, akawa haamki vizuri. Tulimkimbiza hospitali usiku kwa bodaboda. Pale nikaelezwa nilichopaswa kujua tangu mwanzo: mtu akimeza steroidi kwa muda mrefu, mwili wake unaacha kutengeneza ya kwake. Ukimkatia ghafla, mwili unabaki mtupu. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi, na anayepunguza ni daktari. Ugonjwa nao ulirudi, kope zikawa za zambarau tena, na tukapoteza miezi tuliyokuwa tumeipata.

Uso wa mwezi huondoka dozi ikishuka. Wa kwake umeondoka. Nilitaka kumwokoa na jina la utani, nikakaribia kumpoteza mwenyewe.

Tunavyoishi sasa

Jua ndilo adui wa kila siku, kwa sababu linaamsha upele na pia ugonjwa wa ndani. Kwetu hijabu na mikono mirefu vimesaidia sana, na mwalimu amekubali asisimame juani wakati wa gwaride. Anavaa kofia pana akiwa nyumbani na anapaka losheni ya kukinga jua. Losheni za namna hiyo hutengenezwa hata hapa nchini, KCMC Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kuna aliyenishauri nimpake mawese. Mawese ni mazuri kwenye mboga, hayazuii jua. Ufukweni tunakwenda jioni, mwanga ukishalala.

Mazoezi ni sehemu ya tiba. Mwanzoni nilimlaza nikidhani misuli inataka kupumzika. Mtaalamu wa fiziotherapia alinisahihisha: misuli isiyotumika hunywea na viungo hukakamaa. Tukaanza na kile kilima chetu. Wiki ya kwanza hadi mwembe wa kwanza na kurudi. Wiki nyingine hadi wa pili. Bibi yake alikuwa anapiga simu jioni kuuliza, "Leo mwembe wa ngapi?"

Homa hatuisubirishi hata siku moja, kwa sababu kinga yake iko chini. Analala kwenye chandarua. Tetekuwanga ikitokea shuleni nampigia daktari siku ile ile, na chanjo yoyote nauliza kwanza, maana baadhi, kama ya surua, hazifai kwa mtoto aliye kwenye dawa hizi.

Kuna kitu kimoja ambacho hakijaondoka. Kwenye kiwiko chake cha kushoto kuna vijiwe vigumu chini ya ngozi, kama kokoto. Ni chokaa. Hutokea kwa baadhi ya watoto wenye ugonjwa huu, na hutokea zaidi pale tiba inapochelewa. Nikimwosha nakigusa kile kiwiko, na najua miezi minne imekaa wapi.

Mtazame mtoto akisimama

Mzazi mwenzangu, huhitaji mashine kuanza kuushuku ugonjwa huu. Ukiona upele kwenye kope, juu ya vifundo vya vidole, viwiko au magoti, usiishie kuutazama upele. Fanya kama bibi wa Ujiji. Mkalishe mtoto chini, mwambie asimame bila kushika kitu. Mwambie ainue mikono yote juu na uhesabu hadi kumi. Mlaze, mwambie anyanyue kichwa. Mtazame akipanda ngazi ya hiace au akivaa nguo. Kama ana upele huo na haya yanamshinda, au yalikuwa mepesi kwake mwezi uliopita na sasa ni mazito, mpeleke hospitali na ueleze mambo yote mawili kwa mtu mmoja.

Usingoje hata kesho kama anapaliwa, chakula au kinywaji kinamtokea puani, sauti imebadilika, anahema kwa shida, ana maumivu makali ya tumbo au choo cheusi. Hapo misuli ya kumeza na kupumua au mishipa ya tumbo inaweza kuwa imeguswa.

Kwa sisi wa Kigoma, pa kuanzia ni Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, na rufaa huweza kwenda Bugando, Muhimbili au KCMC. Pale KCMC tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, na wahudumu waliosomea hapo wamesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Ulizia kama hospitali iliyo karibu nawe ina mtu aliyesomea ngozi. Na dawa zikianza, usizikatishe kwa sababu ya macho ya majirani.

Binti yangu sasa yuko darasa la nne. Prednisoloni imekwisha, Ijumaa bado tunaye methotreksati. Darasani ananyoosha mkono, na mwalimu ananiambia sasa anaunyoosha hata asipojua jibu.

Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka mjini kwa miguu. Kwenye mwembe ule ule alisimama akasema, "Mama, tupumzike kidogo." Nikatua mzigo, tukakaa. Alipokuwa tayari akasimama mwenyewe, mikono yake yote miwili ikiwa imeshika begi langu. Sikumuuliza alichoka nini.